Usiku wa kuwanyamazisha watetezi wetu

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi na limeandikwa kwa utulivu, jambo lililomkera kaka yangu kuliko matusi. "Niliwapelekea kompyuta kwa sababu ilikuwa inajizima. Wamenirudishia tupu. Picha za mwanangu tangu azaliwe, zote wamefuta. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza. Vyombo vyenu vikiharibika, msipeleke pale." Mama huyo akaambatanisha picha ya risiti yetu, jina la ofisi likisomeka vizuri kabisa, akaituma kwenye kikundi cha Facebook chenye maelfu ya watu, kisha akaenda Google akatuwekea nyota moja.

Kaka ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilimshikia mahesabu, simu na ukurasa wa biashara, na kijana mmoja alikuwa msaidizi wetu. Ofisi nzima ni sisi. Makampuni makubwa yakisemwa vibaya, aliyesemwa anakuwa hata hayupo; kuna mtu ameajiriwa kusoma na kujibu, na jioni anakwenda kwake kulala. Kwetu, aliyesemwa vibaya ndiye huyohuyo aliyetakiwa kujibu, na alikuwa ameketi pembeni yangu na bisibisi mkononi.

"Muongo huyu," alisema.

Kwa jambo moja alikuwa na haki. Hatukufuta kitu. Diski ya ile kompyuta, yaani kifaa cha ndani kinachotunza mafaili na picha, ilifika kwetu ikiwa mahututi, inagonga kwa ndani, na diski ikishaanza kugonga namna ile, kila ukiiwasha unazidi kuiharibu. Kaka aliichomoa, akafunga mpya, akapakia Windows, ile ya zamani akaihifadhi kwenye droo akiwa ameiandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Alikusudia kumweleza akija. Mteja akaja kaka akiwa ametoka. Msaidizi alimkabidhi mashine na risiti, akamtakia siku njema, basi.

Kwa hiyo lalamiko lilibeba uongo mmoja na ukweli mmoja. Kwamba tulifuta picha: hapana. Kwamba hakuna aliyempigia simu: kweli tupu. Nimeona malalamiko mengi baada ya hapo, yetu na ya wenzetu, na bado naona aina hii ndiyo ngumu kuliko uzushi mtupu. Mwenye biashara huukamata ule uongo kwa mikono miwili, akaung'ang'ania, na ule ukweli ukabaki pale umekaa, watu wanautazama.

Kaka alikuwa ameshaandika jibu. Lilianza hivi: "Dada, fomu ulisaini mwenyewe kwamba kutunza nakala za mafaili yako ni jukumu lako." Chini yake alitaka kuweka picha ya fomu hiyo, yenye jina kamili la mteja, nambari yake ya simu na sahihi yake, pamoja na picha za skrini za meseji alizotutumia WhatsApp akiulizia mashine yake.

"Kwa hiyo tuwaambie watu kwamba tukikasirika tunatoa nambari za wateja?" nilimuuliza.

"Yeye kaweka risiti yetu."

"Risiti ni yake, Kaka. Tulimpa."

Hakulipenda jibu hilo, ila alishusha simu. Baadaye nilikuja kusoma habari ya kliniki ya meno ya Dallas, Marekani, ambayo mwaka 2019 ililipa serikali dola 10,000 kwa kosa la kumjibu mgonjwa kwenye Yelp, tovuti ambako wateja huandika maoni kuhusu biashara, na humo humo kutaja jina lake la ukoo na habari za afya yake. Kule kuna sheria ya siri za wagonjwa. Fundi wa kompyuta hana kiapo cha daktari, lakini sidhani kama kuna daktari anayekabidhiwa siri nyingi kama anazokabidhiwa fundi: picha, barua, madeni, mambo ya ndoa. Mtu akikuona unaanika meseji za mwenzake kwa sababu umeudhiwa, hahitaji kujua nani alikuwa na haki. Anajua tu kwamba kompyuta yake haiji kwako.

Wazo la pili la kaka lilikuwa kuongeza kifungu kwenye fomu: mteja atakayetuchafua mtandaoni atalipa faini. Hilo nalo lina wenyewe waliolitangulia, na kisa chao nilikuwa nakijua. Mwaka 2014 ilibainika kwamba nyumba moja ya wageni mjini Hudson, jimbo la New York, ilikuwa imeandika kwenye tovuti yake kuwa wenye harusi watakatwa dola 500 kwa kila maoni mabaya yatakayoandikwa na mgeni wao. Habari ilipotoka, watu ambao hawajawahi hata kupita mlangoni pale waliimwagia nyumba hiyo nyota moja moja kwenye Yelp, kwa mamia na maelfu. Wenye nyumba wakajitetea kwamba ule ulikuwa utani. Mwaka 2016 Marekani ikapitisha sheria ya kuvifanya vifungu vya namna hiyo kuwa batili.

"Hao ni Wamarekani," kaka alisema, kana kwamba aibu yao ni ya aina nyingine.

Tukiwa bado tunavutana, simu ikaanza kulia mfululizo. Watetezi walikuwa wamefika.

Wa kwanza alikuwa binamu yetu. Hajawahi kutuletea kompyuta maishani mwake. Nina hakika kwa sababu hana kompyuta. Alituwekea Google nyota tano na maneno ya kusifia "huduma ya kimataifa", kisha akahamia kwenye kile kikundi na kuanza kumjibu yule mama mstari kwa mstari. Akafuata kijana aliyewahi kujifunza kazi kwa kaka, akaandika kwamba mama huyo ametumwa na washindani. Shangazi akaweka dua ndefu dhidi ya wenye husuda. Rafiki wa kaka, ambaye ninamheshimu hadi leo kwa mambo mengine, alimuuliza mteja kama mtu asiyejua kutunza nakala za picha zake anafaa kumlea huyo mtoto.

Kaka alikuwa anasoma huku anatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza alitabasamu jioni ile. "Umeona? Watu wanatupenda."

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kila binamu alipojibu, lile lalamiko lilipanda tena juu ya kikundi. Facebook husukuma mbele kinachozungumzwa sana. Haijali kinazungumzwa kwa wema au kwa ubaya. Saa mbili kabla ya hapo lilikuwa limeshaanza kuzama chini ya matangazo ya watu wengine. Sasa lilikuwa kileleni, na waliokuwa wanaingia kusoma walikuwa hawakuti tena habari ya diski. Walikuta mama mmoja anayelilia picha za mwanawe amezungukwa na watu wanaomtukana, na watu hao wanaonekana wazi kuwa ni wa ofisi yetu. Mgeni mmoja aliandika: "Sikuwa na upande. Sasa ninao."

Kisha mtu akaweka jina la mahali anapofanyia kazi yule mama.

Hapo kaka aliacha kutabasamu. Nadhani aliwaza kama pale angekuwa mke wake, au mimi. Kwenye ukurasa wetu wenyewe tungeweza kuficha au kufuta maoni, lakini lalamiko lilikuwa kwenye kikundi cha watu, na huko hatukuwa na mamlaka yoyote zaidi ya kuripoti na kumwandikia msimamizi. Nilifanya yote mawili. Halafu nikamwambia kaka kwamba kabla ya kumjibu mteja, tuwajibu kwanza watu wetu, palepale, mbele ya wote.

Alikataa. Alisema huwezi kumkemea hadharani mtu aliyekuja kukutetea, tena ndugu, tena aliyekuzidi umri. Alitaka nimpigie kila mmoja kimyakimya. Sikulidharau hilo, ndivyo tulivyolelewa. Ila wasomaji wasingeona simu zetu. Wangeona tu kwamba watu wanamshambulia mteja kwa jina letu na sisi tumekaa kimya, na kimya cha namna hiyo husomwa kama ruhusa.

Tulichoandika, baada ya kubishana kila neno, kilikuwa hiki: "Sisi ndio wenye ofisi inayozungumzwa hapa. Huyu ni mteja wetu na ana haki ya kulalamika. Tunaomba ndugu na marafiki zetu waache kumjibu kwa niaba yetu. Aliyeweka mahali anapofanyia kazi, tafadhali afute sasa hivi. Mteja wetu tutamjibu wenyewe."

Binamu alipiga simu kabla hata sijaiweka chini. "Mmenivua nguo mbele ya watu," aliniambia. Nilimwomba radhi kwa kumwaibisha, lakini maneno sikuyafuta. Yule aliyetaja mahali pa kazi aliyafuta ya kwake. Shangazi aliiacha dua yake palepale ilipo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumgusa shangazi.

Ndipo tukamwandikia mteja. Kaka alipendekeza ule msemo wa wafanyabiashara wote, "njoo inboksi". Nilimpinga. Ya siri yaende kwenye siri: nambari zake, malipo yake, kilichokuwa ndani ya mashine. Lakini kwamba diski ipo na haijafutwa ni habari ambayo kikundi kizima kilihitaji kuiona, kwa sababu kikundi kizima kilikuwa kimeshaambiwa kinyume chake. Ukimvuta mtu pembeni kwa kila kitu, wasomaji wanadhani mnafunika kombe.

Jibu lilitoka hivi: "Dada, pole sana. Ulipaswa kupigiwa simu kabla hatujabadilisha diski, na hukupigiwa. Hilo ni kosa la ofisi. Diski yako ya zamani hatukuifuta. Ipo hapa, imeandikwa jina lako, unaweza kuichukua wakati wowote. Ilifika kwetu ikiwa imeanza kufa, kwa hiyo hatuwezi kukuahidi picha zote. Ukiruhusu, tutaipeleka kwa mtaalamu wa kuokoa data kwa gharama yetu. Piga namba iliyo kwenye risiti, nitapokea mimi mwenyewe." Likafuata jina la kaka.

Tazama kilichotangulia. Kaka alitaka sentensi ya kwanza iwe ile ya "hatukufuta". Ndiyo iliyokuwa inamuuma. Nilimwomba tuanze na ule ukweli wake, wa simu, kabla ya kugusa uongo wake. Na huo uongo tusiuite uongo, tuseme tu diski iko wapi. Fomu aliyosaini hatukuitaja kabisa. Hapo kaka aliteseka kweli. Aliamini, na bado anaamini, kwamba tuliacha silaha yetu nzuri kuliko zote mezani.

Kuhusu gharama tulibishana zaidi. Hofu yake ilikuwa kwamba tukitoa hiki bure, kesho kila mwenye shida atapanda mtandaoni kwanza ndipo aje ofisini. Si hofu ya kijinga, kuna wafanyabiashara wamezoesha wateja hivyo. Lakini hatukuwa tunamnunua anyamaze, na hatukumwomba afute chochote. Kama msaidizi angempigia simu, mteja angechagua mwenyewe kuipeleka diski kwa mtaalamu kabla ya kitu kingine. Tulikuwa tunamrudishia uamuzi aliokosa kuufanya.

Mama alijibu kwa maneno mawili: "Iko wapi?" Tukamjibu palepale kwamba iko droo ya juu. Kesho yake alikuja. Alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia na kaka alikuwa mwoga kuliko nilivyotarajia. Mtaalamu aliokoa sehemu kubwa ya picha, si zote. Za miezi fulani hazikupatikana.

Nyota moja aliibadilisha kuwa tatu, na maoni yake mapya yalikuwa marefu mara nne ya yale ya kwanza. Alieleza kila kitu, pamoja na kwamba hakupigiwa simu. Watafiti wawili, Davide Proserpio na Giorgos Zervas, waliwahi kuchunguza hoteli zilizoanza kujibu wageni kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri. Walikuta maoni yakiongezeka kwa 12% na wastani ukipanda kwa nyota 0.12; malalamiko yalikuwa machache zaidi ila marefu zaidi. Maelezo yao yanaingia akilini: mtu akijua mwenyewe anasoma na atajibu, haandiki lawama nyepesi, na akiandika anaandika akiwa na hoja. Kaka alipolisoma lile refu alisema afadhali lile fupi.

Alitaka nimwombe mama atuongezee hizo nyota mbili zilizobaki. Nilikataa, naye akaacha.

Fomu yetu ilibadilika, ila si kwa faini. Kiliongezwa kifungu kwamba diski haichomolewi kabla mteja hajapigiwa simu, na msaidizi anaandika pembeni saa aliyopiga. Binamu, kwa hasira, alifuta nyota zake tano. Nilishukuru, maana Google yenyewe inakataza maoni ya mtu mwenye maslahi, na hizo za ndugu zingeweza kutugharimu siku moja. Wastani wetu ukashuka kidogo, na kaka alinung'unikia hizo nyota tano za binamu muda mrefu kuliko alivyolinung'unikia lile lalamiko.