Tafakari ya wiki: Pointi hazisogei

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Hii wiki haikuwa zamu yangu, mwenzetu kaniomba nimshikie maana anauguliwa, na mi nakiri mpaka Alhamisi jioni sikuwa na kitu kabisa kichwani. Alhamisi hiyo mama karudi kutoka kule ofisini anakofuatilia mafao ya marehemu baba, mwaka wa pili huu, kakaa kwenye kochi na viatu vyake mguuni, ile bahasha ya kaki kaiweka mapajani, bahasha yenyewe pembe zote zimeshaisha kazizungushia selotepu. Nikamuuliza vipi leo? Akasema leo sijarudi bure, wamenipa namba ya faili. Mama, namba ya faili si wanayo tangu mwaka jana? Akasema ile ilikuwa ya kwanza, hii ni ya pili. Nikanyamaza maana ningeendelea ningekosea adabu.

Usiku usingizi hauji nikawa napitia klipu za michezo ya zamani kwenye simu, ndo nikakutana na fainali ya Olimpiki ya Barcelona 1992, mpira wa vinyoya, yaani badminton, wanawake. Msicheke. Nimeiangalia mara tatu.

Anayecheza ni dada wa Kiindonesia anaitwa Susi Susanti, kazaliwa 1971 mji wa Tasikmalaya, Java Magharibi, ni Mkatoliki, majina yake ya mbele ni Lucia Francisca. Baba yake naye alikuwa mchezaji wa huo huo mchezo, goti likamkatishia safari, binti akaendeleza. Bado mdogo wa sekondari akaaga nyumbani kwenda Jakarta kuishi na kufanya mazoezi kwenye klabu. Sasa ukimwangalia uwanjani, kwa kweli kwa mara ya kwanza unaweza ukaona wa kawaida tu, hana zile smashi za kutisha, mapigo ya nguvu ya kushuka chini, yeye anarudisha. Unampigia kushoto anarudisha, unamdondoshea karibu na wavu anachanua miguu mpaka karibu anakaa chini, anarudisha, kinyoya kinapanda juuu mpaka mstari wa nyuma na wewe uliyedhani umemaliza kazi unaanza upya kukimbia.

Sasa hapa naomba mnivumilie niwaeleze sheria kidogo maana mi ndo ilinishika. Siku hizi kila kinyoya kikianguka kuna mtu anapata pointi, walibadilisha 2006. Enzi zile ilikuwa tofauti, wanawake walicheza seti ya pointi 11, na anayepata pointi ni yule tu aliyeanzisha. Kama kaanzisha mwenzio, wewe hata ukishinda mpigo huo kwa jasho la damu, ubao hausogei, unachopata ni haki ya kuanzisha wewe. Basi. Yaani mtu anaweza akakimbia pembe zote nne, mipigo thelathini, arobaini, mapafu yanawaka moto, anashinda, halafu anaangalia ubao namba ni zile zile. Mtu anayepita pale anaona hakuna kilichotokea.

Namba ya faili ya pili. Nikaweka simu chini kwanza.

Kabla ya Barcelona kuna mechi yake moja ya 1989 pale Jakarta, ndo mara ya kwanza kabisa Kombe la Sudirman kuchezwa, mashindano ya timu mchanganyiko, wanaume na wanawake. Fainali Indonesia na Korea Kusini, mechi tano, anayefika tatu kachukua. Indonesia wamepoteza mbili za kwanza, nyumbani kwao, anaingia Susi wa miaka 18 dhidi ya Lee Young-suk. Seti ya kwanza kapoteza 12 kwa 10, maana wakilingana mwishoni seti iliweza kuongezwa kidogo. Seti ya pili yuko nyuma 10 kwa 7, kumbukeni mwisho ni 11, kwa hiyo Mkorea anahitaji pointi moja tu na kombe linaondoka. Na hapo Susi kurudisha kwake hakumpi pointi hata moja, kunamnyima tu mwenzie ile moja. Anarudisha, anapata kuanzisha, anapata moja, anarudisha tena. Ile seti kaichukua 12 kwa 10, na ya tatu 11 kwa 0. Sifuri jamani. Wenzake wakamalizia mbili zilizobaki, 3 kwa 2, Kombe la Sudirman likabaki Jakarta, na mpaka leo ninavyoandika hawajalichukua tena.

Nikamkumbuka yule mjane wa Luka 18, anayemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu. Tumezoea kuhubiriwa kwamba mama yule alidumu halafu akapewa, na sisi tunaruka haraka kufika kwenye kupewa. Ila hebu mtazameni kwenye ile siku ya nne, au ya tisa, anatoka pale mlangoni hana kitu, majirani wanamwona anapita. Ubao haujasogea. Kadhi mwenyewe tu ndo anajua kwamba ameanza kuchoka. Mi nadhani maombi yetu mengi yako hapo, hatujashindwa na hatujapewa, tunarudisha tu kinyoya, na tunajihesabia kama watu waliopoteza muda kwa Mungu.

Turudi Barcelona. Vinyoya ndo mara ya kwanza kutolewa medali rasmi Olimpiki, na Indonesia tangu waanze kwenda Olimpiki hawajawahi kupata dhahabu ya mchezo wowote. Fainali kakutana na Bang Soo-hyun, Mkorea tena, kapigwa seti ya kwanza 11 kwa 5. Halafu 11 kwa 5 yake, halafu 11 kwa 3. Dhahabu ya kwanza ya taifa zima imeletwa na binti wa miaka 21. Siku hiyo hiyo mchumba wake, Alan Budikusuma, kachukua dhahabu ya wanaume, na mwaka 1997 wakaoana, watu wakawaita maharusi wa Olimpiki. Kwenye jukwaa bendera inapanda, machozi yanamshuka, na hata hayafuti.

Nisiwapambie. Sio kila mara ilimlipa. Mwaka 1993 alikuwa bingwa wa dunia, mashindano makubwa ya Uingereza, All England, kayachukua mara nne, ila 1996 kule Atlanta Bang Soo-hyun yule yule alimtoa nusu fainali, Susi akarudi na shaba. Kurudisha kule kule, mtu yule yule, safari hii ikagoma.

Na kuna hili lingine ambalo lilinikalia moyoni zaidi ya medali. Susi ni Mwindonesia mwenye asili ya Kichina, na enzi zile watu wa asili hiyo walikuwa wanadaiwa cheti maalum cha kuthibitisha kwamba ni raia, hata kama umezaliwa hapo hapo. Mei 1998 wakati timu iko Hong Kong kwenye Kombe la Uber, mashindano ya timu za wanawake, Jakarta inawaka, maduka na nyumba za watu wa asili yake zinachomwa, na wao wako uwanjani wamevaa jezi yenye jina la nchi hiyo hiyo. Walicheza mpaka fainali, wakafungwa na China. Mi sijui mtu anarudishaje kinyoya akiwa na nyumbani kwa namna hiyo kichwani.

Asubuhi ya Ijumaa nilimsimulia mama habari hii yote wakati anakunywa chai, mpaka ile ya sheria na pointi, nikadhani ataguswa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo dada mwisho alipewa cheti chake? Nikamwambia hiyo sheria ilikuja kuondolewa baadaye. Akasema afadhali, akaendelea na chai yake.

Jumatatu anarudi tena kule, na safari hii nimeomba ruhusa kazini nimsindikize. Anasema tutoke saa kumi na moja asubuhi tuwahi foleni, na nisivae kaptula. Mtuombee.