Sataranji ya Mawe kutoka Tabaka hadi Nairobi

Muuza vikapu husafiri na mzigo mkubwa ulio mwepesi. Sisi wa Tabaka, kwa wachonga mawe wa Kisii, husafiri na mzigo mdogo usiobebeka. Alfajiri ya Ijumaa niliondoka na maboksi mawili ya vinyago vya mawe ya Kisii, kila kimoja nimekiviringisha kwa gazeti na majani makavu ya mgomba. Kwetu wanaume huchonga kwa panga na visu, nasi wanawake hukaa mbele ya beseni la maji tukisugua kwa msasa hadi jiwe lilainike, kisha tukapaka nta, kwa hiyo hakuna kilichokuwamo ambacho vidole vyangu havikukijua.

Kutoka mjini Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Sotik, Bomet na Narok. Utingo alinidai nauli kana kwamba kila boksi ni abiria, tukavutana hadi akapunguza nusu. Kosa langu lilikuwa kumwachia apange mizigo peke yake, kwani tulipopita Mai Mahiu na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, nilisikia nyuma yangu mlio mdogo, mkavu, nikajua kuna kilichovunjika.

Usiku, nyumbani kwa shangazi Kawangware, nilifungua maboksi. Iliyoumia ilikuwa seti ya sataranji, ambayo wengi wetu huiita chesi: kete 32, nusu za jiwe jeupe na nusu za jiwe la waridi. Farasi mmoja alikuwa amepoteza masikio yote mawili na ncha ya pua. Niliomba beseni, nikatoa msasa, nikawasugua farasi wote wanne hadi wakafanana kwa ubutu wao. Shangazi aliwatazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, hao si farasi tena."

Jumamosi nilitandika leso mapema katika Soko la Wamaasai, kando ya Mahakama ya Upeo. Pale mgeni hupokewa na dalali anayembebea kikapu, akamzungusha kwa wauzaji mbalimbali, kisha bei hujumlishwa mwishoni, ili mnunuzi asijue nani amelipwa nini. Kibakuli ninachokitoa kwa shilingi 300 nimewahi kukisikia kikitajwa 1,500. Siwachukii madalali, maana wanazungumza lugha nisizozijua, lakini siri hiyo hunikera kuliko faida yao.

Kufikia adhuhuri visahani vya sabuni vilikuwa vimekwisha, na tembo mkubwa, aliyemchukua mume wangu siku nne, alikuwa ameshikwashikwa na kila mtu bila kununuliwa. Wageni humwinua, humpima kwa mkono, humkumbuka mwenye kupima mizigo uwanja wa ndege, kisha humrudisha taratibu.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, peke yake bila dalali, akachuchumaa mbele ya sataranji. Alimwinua farasi wa waridi, akamgeuza huku na huku, akauliza kwa Kiswahili cha polepole kama huyo ni kiboko. Sikukana wala sikukubali. Alilipa bila kubembeleza bei, akaniomba nimletee seti mbili nyingine mwezi ujao, zenye viboko vilevile.

Nilimpigia mume wangu simu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo kiboko naye, kama farasi, huruka kete za wenzake.