Ala Iliyo Karibu na Mkono: Muziki wa Nyumbani Unguja

Anayeuliza mpigaji wa taarab hupatikana vipi hapa Unguja huelekezwa kwenye vikundi vikubwa, na jibu hilo si baya. Nadi Ikhwan Safaa, ambacho wengi tunakiita Malindi tu, kilianzishwa mwaka 1905 na hadi leo kipo. Culture Musical Club, chenye makao yake Vuga, kilianza mwaka 1958 na kimeshapiga katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini ukikaa na wanachama wa vikundi hivyo baada ya mazoezi, utaona jambo ambalo jukwaa halikuonyeshi, nalo ni kwamba wengi wao hawaishi kwa muziki. Ni walimu, makarani, mafundi na wafanyabiashara wadogo, watu wenye kazi zao za mchana ambao usiku huchukua ala na kwenda kikundini kwa mapenzi yao. Na ukiwauliza ala ya kwanza waliishika wapi, si wengi watakaokutajia chuo au kikundi. Watakutajia nyumba ya mjomba, ya babu, au ya jirani aliyekuwa na fidla na moyo wa kuiazima.

Naandika haya kwa sababu naamini kwamba nyumba hizo ndizo zilizoulea muziki wetu, na kwamba tunapojadili hatima ya taarab tunazungumza sana kuhusu majukwaa na matamasha, na kidogo mno kuhusu sebule.

Nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini. Babu yangu mzaa mama alikuwa mshoni, na udi wake haukufungiwa kabatini; ulilazwa juu ya kochi, hatua chache kutoka kwenye cherehani, na mteja aliyekuja kupimwa kanzu aliweza kuuchukua akapiga kidogo huku akisubiri. Udi kwa kawaida una nyuzi 11: jozi tano, na mmoja wa sauti nzito unaosimama peke yake. Sisi watoto tuliruhusiwa kuugusa kwa masharti mawili, kwamba mikono iwe imeoshwa na vigingi visizungushwe. Tulianzishwa kwa uzi ule wa peke yake, na nilipokua ndipo nilipoielewa hekima yake. Uzi huo hauna pacha, kwa hiyo mtoto akiuvuta vibaya hausikiki ule ugomvi wa nyuzi mbili zisizoafikiana. Husikika sauti moja nzito, nzuri, na mtoto hupata hamu ya kuuvuta tena. Hakuna aliyetuambia kwamba tunafundishwa.

Mikusanyiko yetu ilikuwa usiku wa Idd pili, baada ya Isha, na vilevile siku za kuamkia harusi za jamaa. Kahawa na kashata zikishapita, babu alichukua udi, mjomba fidla, shangazi akaimba, na waliobaki wote walipewa la kufanya. Hapa ndipo penye siri kubwa ya muziki wa nyumbani, na ningependa nisipite haraka. Katika mkusanyiko wa namna hiyo hakuna hadhira. Asiyejua kupiga chochote hupewa cherewa, yaani kayamba za mkononi, atikise, akizoea cherewa hupewa mkwasa, vile vijiti viwili vinavyogongwa ili kushika mwendo, na asiyetaka kushika kitu huitikia kibwagizo. Kila kazi kati ya hizo ni ndogo, lakini ikikosewa wimbo unayumba, na mtoto wa miaka saba anayeona watu wazima wakimtazama kwa sababu amechelewesha kijiti hujifunza kusikiliza kuliko ambavyo angejifunza kwa maelezo.

Kidumbak ndiyo ngoma inayolionyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa imejengwa kwa vitu ambavyo nyumba ya kawaida iliweza kuvimudu. Ina ngoma mbili ndogo, cherewa, mkwasa, fidla moja, na sanduku. Sanduku ni besi ya kujitengenezea: lilikuwa boksi la mbao la kusafirishia majani ya chai, likageuzwa, likasimikwa fimbo na kufungwa uzi mmoja, na mpigaji huipinda fimbo ili uzi ukaze au ulegee na sauti ipande au ishuke. Halina alama yoyote ya kumwonyesha mtu sauti iliko. Lazima aitafute kwa sikio, usiku kucha, huku wanawake wakicheza mbele yake. Nyimbo hufungamanishwa moja baada ya nyingine bila kusimama, na mwendo hupanda kadiri usiku unavyokwenda. Katika harusi za zamani, mtu aliyeanza jioni akiwa mwitikiaji tu angeweza kukabidhiwa cherewa pale mpigaji wake alipochoka, na akitoka hapo ameshaingia katika kundi.

Hata wakubwa wa sanaa hii hawakutoka mbali na hali hiyo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya watu maskini na kufariki mwaka 1950, alikuwa muuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, na sauti yake ilijulikana kwanza njiani, akinadi. Alipohamia mjini alifundishwa kuimba na watu waliokuwa wakipiga kwa ajili ya burudani yao, na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania usiku, ambapo mambo yaliyotokea mtaani mchana yaliweza kutungiwa wimbo. Safari ya Bombay ya mwaka 1928, walipokwenda kurekodi santuri, ilikuja baada ya miaka mingi ya kukaa pamoja namna hiyo. Leo kitukuu chake, Siti Muharam, anaziimba nyimbo za bibi yake. Wapo wanaosema ni damu. Mimi naheshimu damu, ila nadhani aliye katika ukoo ambao nyimbo hizo zilikuwa zikiimbwa ana faida iliyo kubwa kuliko damu, nayo ni kuzisikia kabla hajajua kwamba ni nyimbo maarufu.

Ukoo pia hugawana kazi kwa namna ambayo kundi la kukodi haliwezi. Mombasa walikuwepo Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na binamu yake Ahmad Nassir, mshairi; huyu akitunga na yule akiimba. Mtunzi anayeijua sauti itakayoubeba ubeti wake tangu utotoni huandika akiisikia.

Sasa nyumba nyingi zimenyamaza, na lawama hutupwa kwa kinanda cha umeme. Ni kweli kwamba tangu taarab ya kisasa ishike kasi katika miaka ya 1990, kinanda kimoja kimechukua nafasi ya fidla, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), kodiani na besi kwa pamoja. Lakini sioni haki kukilaumu chombo. Kodiani nayo ilitoka ng'ambo, na haina zile sauti za katikati za maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambazo kidole cha mpiga fidla huzifikia kwa urahisi, na bado wazee wetu waliipokea na kuikalisha pamoja na udi. Kilichotuumiza zaidi ni kuhama kwa shughuli zenyewe. Harusi imetoka uani na barazani ikaenda kwenye kumbi za kukodi, penye spika zenye nguvu kiasi kwamba mgeni hasikii hata sauti yake mwenyewe akiitikia. Kutunza bado kupo: mtu huinuka na noti, akacheza hadi mbele ya mwimbaji pale ubeti unapomgusa. Lakini kutunza na kurudi kitini si sawa na kupokezwa cherewa, na mtoto aliyehudhuria harusi kumi za namna hiyo ametazama muziki mara kumi bila kuushika hata mara moja.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 2002, kimefanya kazi kubwa, na wapo vijana wanaosoma noti leo ambao bila chuo hicho wasingeiona kanuni kwa karibu. Nakishukuru kwa moyo wote. Hata hivyo kijana anayetoka darasani akarudi katika nyumba isiyo na wa kumwitikia hupiga peke yake chumbani, na muziki wetu haukutungwa upigwe hivyo.

Jambo jingine nalisema kwa uzito zaidi kwa kuwa linahusu makosa ya nyumba zetu wenyewe. Kwa muda mrefu wasichana walipewa nafasi ya kuimba na kuitikia, na ala zikabaki kwa wavulana. Shangazi yangu aliijua kila nyimbo ya babu kwa moyo, akajua mahali ambapo udi ungeingia na mahali ambapo ungenyamaza, lakini hakuna aliyempakatisha udi huo. Mabadiliko yameanza. Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarab ambacho wanawake wenyewe ndio wapigaji. Bara nako, katika ukoo wa Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, waimbaji wa kike walikaa nyuma ya wanaume kwa miaka mingi. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, wakipiga pia ilimba, inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze, ala ambazo kimila zilishikwa na wanaume. Walizijua kwa sababu zilikuwemo nyumbani. Kilichokosekana miaka yote ilikuwa ruhusa.

Kwetu ruhusa hiyo imetolewa kwa kuchelewa, lakini imetolewa. Binti wa kaka yangu anapiga fidla ya mjomba, na katika Idd iliyopita alianzisha nyimbo yeye huku mjomba, ambaye vidole vyake havinyooki tena, akishika mkwasa na kumrekebisha kwa macho. Mdogo wake wa kiume naye ameanza kuidai fidla hiyo hiyo, na ugomvi umekuwa wa kila jioni. Kwa hiyo natafuta fidla ya pili. Anayefahamu nyumba yoyote hapa mjini au shamba yenye fidla kuukuu iliyolala juu ya kabati bila kupigwa, na aniandikie. Hata ikiwa imepasuka kidogo, fundi tunaye, na nyuzi tutanunua wenyewe.