Ukinyanyua pikapu, chungulia boljointi kabla haijaanza kugonga

Jumapili iliyopita nimeshinda chini ya gari toka asubuhi mpaka giza linaingia, mgongo mpaka leo unauma, lakini nimeona bora niandike hili la boljointi, kile kiungo kinachoshikilia tairi la mbele, likiwa bado la moto maana siku hizi wenye pikapu zilizonyanyuliwa tumekuwa wengi na naona tunarudia kosa lile lile.

Gari yangu ni Hilux Vigo dabo kebini ya 2012, ile ya injini ya dizeli, D-4D lita 3. Nilikaa nayo kama miezi minne hivi ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani halafu nikainyanyua inchi 2, yani sentimita 5 hivi, mbele springi ndefu na ngumu kidogo, shokapu mpya kona zote nne, nyuma springi pati (zile za bapa zilizopangwa) tukaongeza jani moja, matairi nikatoka 265/65R17 nikaenda 265/70R17. Na sijuti hata kidogo, kazi yangu inanipeleka Engaruka na Ngare Sero mara mbili kwa mwezi na anayeijua ile njia ukishaiacha lami ya Mto wa Mbu anaelewa nasema nini, ni rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) mwanzo mwisho mpaka meno yanagongana, mara korongo la mchanga, mara mawe, halafu lile vumbi la volkeno laini kama sembe, unafunga begi zipu mpaka mwisho na bado unakuta limeingia kwenye nguo.

Sasa kitu ambacho sikuambiwa siku nanyanyua, au labda niliambiwa sikusikiliza kwa ile furaha, ni kwamba huongezi urefu tu, unabadilisha pembe za kila kitu kule mbele. Vigo mbele kila upande ina wishiboni mbili, yani mikono ya chuma inayounganisha tairi na chasisi, ya juu na ya chini, na katikati kuna kile chuma kinachobeba habu na tairi, kimeshikwa juu na boljointi moja na chini boljointi nyingine. Boljointi yenyewe ni kitu kidogo tu, goroli la chuma ndani ya kikombe, fikiria kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa kwenye nyonga, kinazunguka na kuinama, juu yake kuna raba inayotunza grisi isitoke na uchafu usiingie. Gari ikiwa kwenye urefu wake wa kiwandani boljointi inakaa karibu na katikati ya mwendo wake. Ukishanyanyua, wishiboni zinaelekea chini, kwahiyo inakaa imeinama muda wote hata gari ikiwa imepaki nyumbani, na tairi likidondoka kwenye shimo inafika mwisho kabisa na kuibana ile raba. Leo inabanwa, kesho inabanwa, ipo siku inachanika, na kwa vumbi la kule ikichanika hesabu imeisha.

Kwangu ilianza na mlio. Kok, kok, nikikata kona taratibu naingia getini kwangu, basi. Barabarani hakuna kitu. Nikaenda gereji ya kwanza wakasema ni bushi (raba za maungio) za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, tukabadilisha, siku tatu kimya halafu ukarudi. Gereji ya pili wakapiga jeki kwenye chasisi, tairi likaning'inia, kijana akalishika akalitikisa mara mbili akaniambia bosi hapa pako poa kabisa. Nikaondoka nimeridhika. Na nilitembea hivo wiki tano nzima, nimebeba watu, nimebeba watoto wangu kutoka Makuyuni mpaka Arusha spidi 90.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye magari ya safari, hana bango, anafanyia kazi chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yake. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza, hata hajaliendesha gari akasema jeki usiweke kwenye chasisi, weka hapa, akanionyesha chini ya wishiboni ya chini, karibu na tairi kadri inavyowezekana. Sababu yake ni hii: gari iliyonyanyuliwa ukiliacha tairi lining'inie hewani, boljointi inainama mpaka mwisho na kubanwa pale, ule ulegevu unajificha. Ukiinulia kwenye wishiboni unaikuta karibu na pale inapokaa siku zote, na uzito wa gari unakuwa umebebwa na jeki, haupiti kwenye boljointi tena.

Akainua mpaka tairi likaachana na ardhi kama vidole viwili, akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akaniambia kijana weka kidole hapo kwenye maungio. Akawa ananyanyua na kushusha taratibu. Nilisikia kwa kidole kabla ya sikio, chuma kinapanda, kinashuka, kinapanda, kama milimita 3 hivi, na boljointi ya chini ya gari hii haitakiwi kukupa ulegevu unaouhisi kwa kidole namna ile. Halafu akachukua tambara akafuta raba yake kwa nyuma, upande unaotazama injini, upande ambao ukisimama nje huuoni kabisa, pakaonekana mpasuko wa urefu wa ukucha. Akaiminya, kikatoka kitu cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, akanipakaza kwenye vidole nikasugua, kinakwaruza kama msasa. Akasema, hii ndo ilikuwa grisi.

Nilikaa kwenye tofali kwanza. Maana kwenye Hilux springi inasimama juu ya wishiboni ya chini, kwahiyo boljointi ya chini ndo inayobeba uzito, ya juu inaongoza tu. Ya chini ikichomoka tairi linakunjika kwa nje, bodi inashuka, stelingi uliyoshika haiongozi tena kitu. Sio hitilafu ya kukuacha njiani upige simu, ni ya kukuua.

Kwahiyo Jumapili ndo nimebadilisha, zote mbili za chini na za juu pia, mzee akiwa amekaa pembeni ananielekeza. Nikinunua spea siku hizi naishika mkononi kwanza dukani, boljointi mpya nzuri shina lake ni gumu kulisogeza na linakwenda laini bila kukwama, ukikuta linachezacheza lenyewe kama kijiko kwenye kikombe rudisha, usiangalie boksi limeandikwa nini. Ile sehemu ya shina iliyochongoka inaingia kavu na safi, usiipake grisi. Nati yenye meno ukiikaza kwa spana ya toko (ile inayopima nguvu ya kukaza) mpaka kipimo chake halafu tundu la splitipini, ile pini ya kuizuia nati isilegee, halijakaa sawa, usirudishe nyuma hata kidogo, endelea mbele mpaka lifike, na pini weka mpya. Ile uma ya chuma yenye meno mawili, ya kugongea boljointi itoke, inachana raba, itumie tu kama boljointi unaitupa.

La bushi nalo sikulijua kabisa na nadhani mafundi wengi hawalifanyi. Bolti za bushi za wishiboni hazikazwi gari ikiwa hewani. Unazishikiza tu, unashusha gari chini kwenye matairi yake, unaitikisa ikae, ndo unakaza mwisho. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, ile raba inaanza maisha ikiwa imesokotwa na gari ikisimama inabaki imesokotwa, miezi michache imepasuka na wewe unalaumu spea.

Kama umenyanyua kwa zile spesa za kuweka juu ya shokapu, chunguza mara mbili zaidi, maana zinalisukuma tairi lidondoke chini kuliko lilivyopangiwa, boljointi na sivi joint (viungo vya ekseli inayozungusha tairi la mbele) zote zinaumia. Na ukitaka kupita inchi 2 kwa maoni yangu weka kabisa wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari iliyonyanyuliwa, ni hela ndio lakini boljointi yake inakaa kwenye pembe yake, halafu ukienda alaimenti fundi anapata nafasi ya kurudisha kasta, yani pembe ya mhimili wa stelingi kuinama nyuma. Kunyanyua kunapunguza kasta, ndo maana gari nyingi zilizonyanyuliwa stelingi hairudi yenyewe baada ya kona na kwenye lami inatangatanga, mtu anadhani ni matairi makubwa. Waambie wakuonyeshe namba za kasta, sio too (matairi yanavyoelekea ndani au nje) peke yake.

Ratiba yangu sasa, kila nikimwaga oili, kilomita 5,000, jeki inaingia chini ya wishiboni na mtaimbo unatoka. Nikishika tairi juu na chini likicheza, mtu ananikanyagia breki, ulegevu ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi. Nikishika kushoto na kulia likicheza naenda kwenye tairodi, fimbo za stelingi zinazogeuza tairi. Nikirudi Ngare Sero naosha chini kwa maji ya kawaida, ile mashine ya presha siielekezi kwenye raba, halafu napitisha tochi na tambara nyuma kule kusikoonekana. Boljointi zenye nipo (kitundu cha kupigia grisi) napiga grisi mpaka raba ianze kutuna, naacha hapo.

Jana nimeingia getini taratibu vioo vyote vimeshushwa, nimekata kona yote, kimya. Nikifika kilomita 1,000 nazirudia bolti za wishiboni na yubolti za nyuma zinazofunga springi kwenye ekseli, na raba ya sivi ya kushoto nimeona imeanza nyufa, hiyo ndo ya Jumapili ijayo.