Hell's Gate kwa baiskeli

Kinachomaliza pesa kwenye safari ya mbugani ni gari: kulikodi, mafuta, dereva. Hell's Gate, mbuga iliyo nje ya mji wa Naivasha, Kenya, mgeni anaruhusiwa kupita kati ya wanyama kwa miguu au kwa baiskeli, na hilo ndilo lililotupeleka huko mimi na binamu yangu.

Tulitoka Nairobi na matatu ya alfajiri, kama kilomita 90 hadi Naivasha, tukaunganisha nyingine ya barabara ya kusini mwa ziwa. Makanga akatushusha njia panda ya lango la Elsa, penye baiskeli za kukodi. Ada ya kiingilio tulikuwa tumeilipa kwa simu tukiwa bado mjini, maana langoni hawapokei pesa taslimu. Kitambulisho ni lazima. Bila hicho, bei ya raia huipati.

Binamu hakuuliza bei. Aliinua gurudumu la nyuma la baiskeli ya kwanza, akazungusha kanyagio huku akibadilisha giya moja baada ya nyingine. Mnyororo ukaruka meno. Ya pili, breki ziligusa ringi upande mmoja tu. Ya tatu ilipita, akapandisha kiti mpaka goti likabaki limekunjika kidogo tu kanyagio likiwa chini. "Na pampu, kaka? Viraka je?" Mwenye baiskeli alicheka, akavitoa. Miiba ya migunga haina huruma na tairi, na huko ndani hakuna fundi.

Njia ina vumbi jepesi la majivu ya volkano. Gurudumu la mbele likizama, usikate kona kwa ghafla: sogeza uzito nyuma, endelea kukanyaga. Pundamilia na swala tomi walitutazama tu. Nyati ni habari nyingine. Tulipoona watatu kando ya njia tulisimama mbali mpaka wakaingia vichakani.

Kwenye korongo lililo ndani ya mbuga hatukushuka. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, alituonyesha mawingu upande wa juu. Mvua ikinyesha huko, maji hujaa korongoni hata kama ulipo wewe jua linawaka. Septemba 2019 mafuriko ya aina hiyo yaliua watu saba. Tukaishia kutazama pimbi wakiota jua kwenye mnara wa Fischer, nguzo ndefu ya mwamba.

Kurudi langoni ni kupanda, na jua lilikuwa la utosi. Nusu ya maji tulikuwa tumeibakiza kwa ajili ya kipande hicho, na ikaisha kabla hatujaliona lango.