Mishikaki ya tofali moja

Desemba 2014 tulivunja kikoba chetu kibarazani kwa mama mwenyekiti, Gongo la Mboto. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake walikaa nazo wanachama watatu tofauti, ili asitokee mmoja akala njama peke yake. Siku hiyo mshika ufunguo wa tatu alikwama kwenye foleni. Wanawake ishirini na tisa tumekaa na vitenge vyetu vipya, tunalitazama sanduku lililojaa hela zetu wenyewe, saa mbili nzima, hakuna wa kuligusa. Wali ulipoa. Alipofika tulimtoza faini, naye akailipa huku anacheka.

Hisa yetu ilikuwa shilingi 5,000. Mimi kila Jumamosi nilinunua tatu, wiki mbaya moja, zote kutoka kwenye vitumbua vya asubuhi. Pamoja na faida ya riba za mikopo, mgao wangu ulifika 934,000. Nilizihesabu chooni, mlango nimeufunga kwa komeo.

Hela hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla haijatoka sandukuni. Tulikuwa na kiwanja Chanika, msingi umeshapanda, na fundi alishasema matofali mia nane ya inchi sita yatatufikisha kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Tofali moja lilikuwa 1,100 mpaka kiwanjani. Ukipiga hesabu utaona mgao ulitosha, na chenji ya madaftari ya Januari ikabaki.

Sasa, wiki hiyohiyo mama alikuwa amekuja kwetu kutoka Kilosa. Jioni moja tulimpeleka Magogoni kuangalia pantoni. Boti ya Unguja ikapita mbele yetu, ndefu, nyeupe, watu wamejaa juu. Mama akaifuata kwa macho mpaka ikapotea, kisha akauliza, "Hao wakifika huko wanafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Dar es Salaam na sijawahi kuvuka.

Usiku nikamwambia baba watoto: matofali mia sita, mia mbili nampeleka mama Unguja. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amelala. "Kiwanja hakikimbii," akasema mwisho, kwa sauti ya mtu anayeona kinakimbia.

Basi tukaenda, mimi na mama, na 220,000 nimezifunga kwenye pindo la khanga. Kosa langu ni kwamba safari nzima nilikuwa nikihesabu. Tiketi za kwenda: matofali thelathini na sita. Teksi kutoka bandarini, ambayo hatukuihitaji kabisa: sita. Nilidhani nahesabu kimoyomoyo, kumbe midomo inacheza.

"Unasoma dua gani muda wote?" mama akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Nilitegemea atakasirika, au aanze kulia kwamba amekula nyumba yetu. Mama yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Toka hapo akaichukua hesabu akaifanya yake. Jioni pale Forodhani, moshi wa majiko unatupiga usoni, akasimama mbele ya muuzaji kijana na kusema, "Baba, nipe mishikaki ya tofali moja." Yule kijana akaniangalia. Nikampa elfu moja, akatupa miwili.

Urojo tulikunywa kila mmoja bakuli lake. Mama alianza kwa kunusa, akatoa kile kibajia kwa vidole akakiangalia pande zote kama anayenunua kuku mnadani, akakirudisha. Kisha hakuongea tena mpaka bakuli likaisha. Akaagiza la pili. Pweza alimkataa, alisema kitu chenye miguu mingi hivyo hakiliwi kwa hela ya mtu mwingine.

Mbele yetu lilikuwa jumba la Beit el Ajaib, ambalo wakati huo lilikuwa limeshafungwa, kona yake moja imebomoka. Muuza juisi ya muwa akamweleza mama kwamba alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na mwaka 1888 akafariki. Mama akahesabu kwa vidole vyenye mafuta ya mishikaki.

"Mitano tu?"

"Mitano, bibi."

Akalitazama jumba, ghorofa kwa ghorofa, na zile nguzo zake ndefu. "Lakini alilimaliza," akasema, akaniomba hela ya juisi. Sikuelewa kama ananitetea au ananisema, na mpaka leo sijamuuliza.

Tulilala usiku mbili kwa rafiki yangu wa shule, mitaa ya Ng'ambo, mjini hapohapo Unguja. Tuliporudi, wakati tunashuka bandarini Dar, nilifungua pindo: 22,000. Mama akafurahi kuliko siku zote tatu. "Tofali ishirini zimerudi!" akatangaza, abiria wanatusikiliza.

Zile mia sita tulizinunua, zikakaa kiwanjani mpaka zikaota kuvu, kwa sababu hela ya fundi na saruji ilitafutwa mwaka mwingine mzima. Ukuta ulisimama 2016. Ukakwama chini ya lenta, kama fundi alivyosema. Watu wa mtaani wakaanza kupitisha mbuzi ndani.

Mama alikuja tena mwaka huo, tukampeleka Chanika akaone. Akaingia sebuleni, jua linamchoma utosini, akagusa ukuta mahali ulipoishia. Fundi akaanza wimbo wake, kwamba kazi ingekwisha zamani isipokuwa matofali yalipungua mia mbili, na yeye alishatuambia.

"Mia na themanini," mama akamsahihisha. "Ishirini zilirudi. Muulize huyu alizipeleka wapi."

Nilikuwa nimenunua unga wa ngano. Fundi akanigeukia, nami nikajifanya natafuta kivuli, kwenye nyumba isiyo na bati.