Geuza Ndani

Koti nililinunua katikati ya mji wa Amman, Jordan, kwa dinari 15, na ngazi zote za kurudi mtaani kwangu Jabal al-Hussein nilizipanda nimelikumbatia. Lilikuwa la jinzi, mgongoni lina nakshi nyekundu za Kipalestina. Baridi ile ya 2021 wasichana wa chuoni walizivaa kila mahali: makotini, mikobani, hata kwenye viatu vya raba. Nilitaka kumringia mama mwenye nyumba. Wapangaji sote tulimwita Khalto, yaani mama mdogo.

Hakuutazama mgongo. Alivaa miwani, akalipindua koti nje ndani.

Hapo hapo nikajua nimeumbuka. Mimi ni mtoto wa mshona kofia. Kwetu Unguja wanawake wa mtaani walimletea mama kofia za mkono, naye kabla hata ya kuuliza bei aliigeuza kofia ndani. Nje kila mtu anajua kupamba, alikuwa akisema. Leo nimefika dukani nimesahau! Ndani ya koti kulikuwa na kitambaa kigumu cheupe, kama karatasi, na nyuzi zinaruka kutoka ua hadi ua bila kukatwa.

"Mashine," Khalto akasema, bila dharau. "Na hii ni ya wapi?"

"Ya sokoni, Khalto."

"La, binti yangu. Ya kijiji gani?"

Sikuwa na jibu, na koti pia halikuwa nalo. Akaanza kunionyesha kwa kidole: huu mwezi wa Bethlehem, hawa ndege wametoka kwenye vitabu vya ruwaza vya Wazungu, na huu mti mrefu mwembamba ni saru. Mie kwa mbali ningeudhani mvinje. Zamani, alisema, mwanamke akishuka sokoni walijua anakotoka kabla hajafungua mdomo. Wa Ramallah walidarizi kwa nyekundu juu ya kitani, cheupe au cheusi. Wa Bethlehem walilaza kamba za hariri na dhahabu juu ya nguo, wakazibana kwa vishono vidogo. Kwao yeye ni Beit Dajan, karibu na Jaffa, na saru ndiyo miti iliyopandwa kuzunguka mashamba ya machungwa. Alitoka huko 1948, ana miaka minne.

Akaingia chumbani, akarudi na foronya. Ndani yake mlikuwa na gauni la mama yake, thob. Kazi yao huiita tatriz, neno ambalo halikunipa tabu, maana wazee wetu husema kutarizi. Ile sehemu ya kifuani huiita qabbeh, na mimi nikasikia kaba, kama kaba ya kanzu. Nikaiinamia. Mishono midogo ya kukatiza, kila mmoja X, maelfu kwa maelfu. Kisha nikaona kitu cha ajabu: ukingoni kaba ilikuwa imeungwa. Nguo ya chini ilikuwa mpya kuliko nakshi.

"Gauni la kwanza lilichakaa," akasema. "Kaba haikuchakaa. Mama aliikata akaihamisha."

Wiki nzima nilikuwa na swali nililoogopa kumwuliza, kwamba kuitoa nakshi kwenye thob na kuibandika kwenye jinzi si kuivunjia heshima? Kumbe mkasi ulishapita pale zamani, tena mkononi mwa mwenyewe. Hata ndege wale wa vitabuni waliingia pamoja na nyuzi za DMC za Kifaransa, wanawake wakawapokea. Tena akanisimulia kuhusu Ukingo wa Magharibi, wakati wa intifada, yaani maasi ya Wapalestina, iliyoanza 1987: bendera ya Palestina ilikatazwa, wanawake wakaidarizi kifuani pamoja na ramani. Huo ulikuwa mtindo mpya wa wakati wao. Kilichomuudhi kwenye koti langu ni kwamba halikuwa na mkono wa mtu wala kwao.

"Lete mfuko," akasema. Alimaanisha mfuko wa kifuani wa koti.

Akapiga bandi juu yake kitambaa cha wavu, ili jinzi ipate matundu ya kuhesabia. Saru tatu, akaamuru. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili! Mshono wa juu wa kila X sharti ulale upande mmoja, na wangu ulikuwa ukilala unavyotaka. Saru ya kwanza niliifumua mara tatu. Mara ya tatu alinikabidhi sindano bila neno, akaenda kukoroga chai ya maramia, majani yao ya kunukia.

Usiku mmoja wa Desemba, taarifa ya habari ikasema UNESCO imeiingiza sanaa ya udarizi ya Palestina katika orodha ya urithi wa binadamu. Khalto aliongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho, akaipunguza.

"Umefika saru ya ngapi?"

"Ya pili."

"Hesabu vizuri."

Ya tatu nilipoimaliza alilowesha ule wavu kwa maji, ukalegea, tukaanza kuzivuta nyuzi zake moja moja kutoka chini ya nakshi. Huu ndio wakati wa kuogopa, kwa sababu ukivuta vibaya unaondoka na saru. Zilipokwisha, miti mitatu ikabaki imekaa juu ya jinzi. Akaugeuza mfuko ndani. Akalipata fundo moja, akaligusa kwa ukucha, akaliacha.

Nyuzi za wavu alizikusanya, akaziviringisha, akazitia kwenye kopo la biskuti. Zinafaa kujazia mto wa sindano, alisema.